Kushtua gari si kuchaji betri

Stata ikitoa mlio mkavu tu na taa za dashibodi zikififia, kinachofuata katika mitaa mingi ya Dar es Salaam ni kumwomba jirani asogeze gari lake, nyaya ziunganishwe, gari lishtuliwe, na safari ianze. Sina ugomvi na kushtua gari. Ninachokipinga ni imani kwamba mwendo wa nusu saa kutoka Mbagala hadi Posta, tena kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, utakuwa umeirudishia betri chaji yake yote.

Betri ya gari dogo ina vyumba sita vyenye takriban volti 2.1 kila kimoja, hivyo ikiwa imejaa na kutulia, mita husoma volti 12.6 au zaidi kidogo; ikisoma 12.0, chaji iliyobaki haizidi robo. Inapotoa umeme, bamba zake za madini ya risasi hufunikwa na salfeti ya risasi, ambayo huyeyuka tena betri inapochajiwa mapema. Ikiachwa tupu kwa majuma kadhaa, salfeti hiyo hukomaa na kuwa ngumu kiasi kwamba hakuna chaja itakayoiondoa yote, na joto la pwani huharakisha uharibifu huo. Kwa sababu hiyo, betri iliyokufa ichajiwe siku hiyo hiyo, hata kama gari limekwisha kuwaka.

Alteneta, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari, imekusudiwa kurudisha kile kidogo kinachotumiwa na stata, si kufufua betri tupu, na injini inapozunguka polepole kwenye foleni, sehemu kubwa ya umeme wake humezwa na feni, taa na redio. Chaja ya ukutani ndiyo yenye subira inayohitajika. Kipimo cha kuaminika ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: yenye ampea-saa 60 ichajiwe kwa ampea 6, na ikiwa tupu kabisa itahitaji saa kumi au zaidi. Mafundi wanaoahidi kuimaliza kwa saa moja huisukumia umeme mwingi, bamba zikapata moto na kupinda.

Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Klipu ziunganishwe kabla ya kuwasha chaja, nayo izimwe kabla ya kuzitoa. Kwa betri zenye vifuniko, kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa, si asidi, kwani kinachopungua ndani ni maji. Tena yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa bamba zimeonekana kukauka. (Wazee wa gereji bado wanakataza kuweka betri kwenye sakafu ya saruji, kwa maboksi ya plastiki ya leo, katazo hilo halina msingi.)

Baada ya kuchaji, iache betri ipumzike usiku kucha bila kuunganishwa na chochote, kisha ipime. Ikibaki karibu na volti 12.6, irudishe garini. Ikishuka hadi karibu 10.5, huenda chumba kimoja kimekufa, na hapo kuendelea kulipia umeme wa chaja ni kupoteza fedha: mpelekee mnunuzi wa betri chakavu, ambaye anaitaka kwa ajili ya risasi yake, bila kumwaga asidi mtaroni.