Harufu ya halua, ulimi mkavu

Chupa ya wiski imeandikwa Sauternes, jina la mvinyo mtamu wa Ufaransa, na ukishalisoma jina hilo pua yako inaanza kutafuta asali kabla hujafungua kizibo. Kwa hiyo jana usiku nilimwomba mke wangu animiminie yeye, jikoni, glasi mbili, aniletee bila kunieleza ipi ni ipi. Moja ni Glenmorangie Original, ile ya zamani ya miaka 10. Nyingine ni Nectar d'Or ya miaka 12. Tunaishi Edinburgh na huku wiski si kitu cha kutafuta kwa tochi, lakini chupa hizi mbili nilizihifadhi makusudi kwa ajili ya zoezi hili.

Sababu yenyewe ni hii. Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, mjini Tain, kaskazini mwa Uskoti, na zote zililala miaka 10 katika mapipa ya mwaloni wa Marekani yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani. Baada ya hapo Original ilitiwa kwenye chupa. Nectar d'Or ilihamishiwa mapipa ya Ufaransa yaliyokuwa na mvinyo mtamu wa Sauternes, ikakaa humo miaka miwili zaidi; huko ndiko kunakoitwa kumalizia. Ukiziweka kando kwa kando, unaweza kuuliza swali la maana: pipa la pili limefanya nini hasa?

Kuna kikwazo kimoja. Original ina asilimia 40 za kilevi, Nectar d'Or ina 46, na kilevi kikizidi kinabadilisha harufu na ladha yote. Nikapiga hesabu: kwa mililita 30 za Nectar d'Or, kijiko cha chai kisichojaa sawasawa cha maji kinaishusha hadi 40. Mke wangu akafanya hivyo, huku akiniuliza kama haya ni mapumziko au maabara.

Glasi ya kushoto ilinukia chungwa na vanila, na kwa mbali nazi. Safi, nyepesi, kama ninavyoifahamu. Ya kulia ilinifikia kabla sijaisogeza puani: ganda la limau, zabibu kavu, tende, kungumanga. Mke wangu si mnywaji, ila alikulia Tanga na pua yake siibishii. Akainusa mara moja tu.

"Baba Neema, hii ni halua. Halua ambayo bado ya moto."

Ni kweli kabisa, na sasa siwezi kuinusa bila kuiona sinia.

Kisha nikaonja, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Halua haikufika kwenye ulimi. Kilichofika ni tangawizi, lozi, na mwishoni ukakasi unaokausha pande za mdomo. Nikarudia Original: hiyo ndiyo iliyokuwa laini na yenye utamu zaidi kinywani! Yaani wiski iliyolazwa kwenye pipa la mvinyo mtamu ni kavu kuliko ile ambayo haikuwahi kuukaribia.

Sauternes yenyewe ni tamu kwelikweli. Vuli, maji baridi ya mto Ciron yanakutana na maji yenye joto kidogo ya Garonne, kusini mashariki ya Bordeaux, na ukungu mzito unafunika mashamba asubuhi. Kuvu iitwayo Botrytis cinerea inatoboa ganda la zabibu, jua la mchana linakausha maji, sukari inabaki. Wachumaji wanapita shamba hilohilo mara kadhaa wakichagua zilizosinyaa tu. Mvinyo unaopatikana huweza kuwa na zaidi ya gramu 120 za sukari kwa lita. Lakini huo mvinyo umeshakwenda kwa wenyewe. Kinachobaki kwenye pipa ni unyevu ulioingia ndani ya mbao, na sheria za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 haziruhusu kuongezwa kitu isipokuwa maji na rangi ya karameli. Hakuna anayemimina Sauternes ndani.

Ninavyoelewa mimi, kinachofanya kazi kubwa ni mti. Mwaloni wa Marekani hutoa vanila na nazi. Wa Ufaransa hutoa viungo na ukakasi. Mvinyo umeacha harufu yake, mbao zimeacha mkono wake, na pua ikishasikia tende inaahidi utamu ambao ulimi hautaupata. Siilaumu kwa hilo. Mvutano huo kati ya pua na ulimi ndio ulionifanya nirudie glasi, wakati Original niliimaliza bila kuwaza.

Nadhani pia si kila wiski ingeweza kubeba pipa la namna hii. Pale Tain mitambo ya shaba ya kukenekea ina shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti. Ya kwanza ilinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wa jini. Mvuke mzito unashindwa kupanda hadi juu, unarudi chini, kinachovuka ni chepesi. Wenyewe wanajisifu kwamba shingo hizo zina urefu wa twiga mzima, na twiga wamemfanya alama yao. (Mtanzania nikasoma hayo nikaona tunadaiwa hata chupa moja ya bure.) Kinywaji chepesi namna hiyo kinaacha nafasi kwa harufu za pipa. Nimewahi kuonja nyingine, iliyomaliziwa kwenye pipa la mvinyo mwekundu, ikawa kama imezama: shayiri, nafaka yenyewe ya wiski, haikusikika popote. Huko ni kuficha, si kumalizia.

Mke wangu ameichagua Original, kwa sababu "haidanganyi". Mimi nimeichagua nyingine kwa sababu yenyewe inadanganya.

Lakini kuna jambo linaharibu zoezi langu: miaka miwili ya ziada. Ukakasi ule wa mwisho huenda kiasi fulani ni umri tu. Bahati nzuri, mwaka 2024 Original nayo ilipandishwa hadi miaka 12. Nikiipata, umri utakuwa sawa, na Nectar d'Or imebaki robo chupa. Inatosha, mradi wageni wasije.