Sello Ilipovuma Yenyewe Kwenye Pantoni

Nauli yangu kutoka Unguja sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni kwamba sello yangu, ile fidla kubwa ya sauti nzito, nayo ilitozwa nauli ya mtu mzima, halafu haikupewa kiti. Nimesimama nayo nimeikumbatia mpaka Dar es Salaam. Bandarini wenye bajaji wakataka elfu kumi kunifikisha Feri penye pantoni ya Kigamboni, pua na mdomo! Nikaibeba mgongoni, jua la saa saba.

Nilikuwa naenda Kigamboni kwa mzee mmoja Mgogo anayepiga zeze. Mwaka mzima nimekuwa nikijifunza kushika pinde mbili za kupigia sello kwa mkono mmoja, kama alivyoanzisha Frances-Marie Uitti, mpiga sello Mmarekani. Daraja la sello, kile kibao kinachoinua nyuzi, limepinda, kwa hiyo upinde mmoja hushika nyuzi mbili tu kwa raha. Kwa pinde mbili, nyuzi zote nne hulia pamoja.

Pantoni ikajaa. Nikaitoa sello mkobani isibanwe na matenga ya samaki, nikausimamisha mguu wake wa chuma juu ya sakafu ya chuma. Injini ikanguruma, na sello ikaanza kuvuma. Sijaigusa! Nikaiinua, kimya. Nikaishusha, ikavuma tena.

Ulikuwa uzi mnene, ule wa mitetemo kama 65 kwa sekunde. Nikaulegeza kidogo kidogo, nywele kwa nywele, mpaka ukakutana na injini sawasawa. Lo! Mlio ukanipanda magotini hadi kifuani. Nikapachika tiketi katikati ya nyuzi, sauti ikakwaruza kama zumari.

Bibi mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaweka kiganja kwenye ubao.

"Mwanangu, kinatetemeka. Kina homa?"

"Hapana bibi, kinaitikia injini."

Hakuuondoa mkono mpaka tulipotia nanga. Kivuko chenyewe hakifiki dakika kumi, nami ningelipa mara kumi kivuke tena.

Siku tatu kwa mzee zilipita vizuri, nikarudi.

Katika muziki wa kwetu Unguja sello hufuata fidla, inasema alichosema mwenzake kwa sauti ya chini. Nimekulia humo na ninaupenda. Lakini sasa umeme ukikatika usiku, jenereta ya jirani ikiwaka, natoka barazani, naukita mguu wa sello kwenye saruji na kuulegeza uzi mnene taratibu. Bado haijaitikia. Jana nilihamia upande wa ukutani, karibu zaidi.