Nilikataa kubadilisha sensa, nikanunua skana

“Chukua yoyote tu, zote zinasoma misimbo ileile.” Ushauri huu kuhusu skana, yaani kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu za gari, nimepewa na watu wengi, na unanikera mpaka leo. Kusoma msimbo ndiyo kazi ndogo kuliko zote.

Taa ya injini iliwaka, msimbo ukatoka P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Fundi akasema palepale: sensa ya oksijeni imekufa. Kwa bei ya sensa ile ningepata skana ya maana, basi nikaamua nianze na skana.

Kwanza nilijaribu kile kidude cha Bluetooth cha kuunganisha na simu, cha bei ya kutupa. Kiliwaka taa vizuri, simu ikakiona, lakini gari halikukijibu. Taa zile zisikudanganye. Pini namba 16 ya soketi ya gari, pale skana inapochomekwa, hutoa umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo kidude kitawaka hata kama hakielewani na gari lako. Gari langu ni la kabla ya 2008, mwaka ambao Marekani ilianza kulazimisha CAN, njia ya kompyuta za gari kuwasiliana, kwenye magari mapya. Chungulia soketi kabla hujatoa hela. CAN hutumia pini 6 na 14. Ukikuta hazipo ila ya 7 ipo, tafuta skana inayosoma njia za zamani, ISO 9141-2 na KWP2000, na uijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Nikachukua yenye kioo chake, inayoonyesha data injini ikiwa inaunguruma. Hapo ndipo raha ilipo! Nilitazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia hewa. Gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa zaidi ya 20. Nikapandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka karibu na 5. Sensa iliyokufa haifanyi hivyo. Hiyo ni dalili ya hewa inayopenya kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda: injini ikiwa chini inavuta kwa nguvu, na hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote.

Nikaomba mtu ashike skana anisomee namba, mimi nikawa nabana mabomba ya mpira yanayopitisha hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, karibu na manifoldi. Wa kwanza, kimya. Uliofuata, kimya. Nilipobana ule mfupi unaotoka kwenye vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi, mwenzangu akapaza sauti: “Inashuka!” Nikauchomoa. Ulikuwa umekauka kwa joto, na upande wa chini kwenye kona, ambako jicho halifiki, una ufa wa kuingia ukucha. Mpira mpya ulikuwa wa hela ndogo sana, na sensa ni ileile hadi sasa.

Kabla ya kufuta msimbo, piga picha ya data iliyohifadhiwa taa ilipowaka, maana ukifuta nayo inaondoka. Na kama unataka kusoma breki za ABS na mifuko ya hewa ya usalama, uliza mapema. Skana nyingi za bei ndogo huishia kwenye injini.