Kamera ya tiara ijaribiwe chini kwanza

Kabla tiara ya kupigia picha kutoka angani haijapanda hapa Goma, kamera yake ining'inie kwanza barazani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 ina makali kama chupa iliyovunjika. Kamera ikiangukia pale haiokotwi, inazolewa.

Pima uzito wa vyote pamoja kwenye mizani ya jikoni: kamera, betri, kadi, msalaba wa kuning'inizia (vijiti viwili vinavyobeba kamera kwenye kamba) na skrubu. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban 14 kwa 100 kuliko pwani. Hesabu za tiara zilizoandikwa na watu wa pwani uzipunguze.

Kisha funga kamera kwenye boriti kwa kamba ya mita moja, lenzi ielekee bango la duka la ng'ambo ya barabara, fokasi ikiwa imefungwa mbali kabisa. Isukume ibembee, upige kwa kasi ya shata (pazia la kamera) ya 1/250, 1/500 na 1/1000 ya sekunde. Ukuze picha kwenye kompyuta usome herufi za bango. Kwa 1/250 herufi huota mikia. Wengi hulaumu upepo, kumbe ni shata iliyo polepole mno.

Jaribio linalosahaulika zaidi hapa ni la mwanga. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu, basi ikiona lava nyeusi imejaa fremu inaiangaza kupita kiasi, na mabati mapya yanaungua kuwa meupe tupu. Laza kipande cha bati juu ya mawe saa sita mchana, usimame juu ya ukuta, upige ukishusha mwanga kwa theluthi mbili za hatua, halafu kwa hatua moja kamili, yaani nusu ya mwanga. Chagua picha ambamo migongo ya bati bado inahesabika. Weusi wa lava utaurudisha baadaye, lakini bati lililoungua halirudi.

Kisha iache kamera ipige kila sekunde 5 mpaka betri iishe. Kwa saa moja ni picha 720. Zikiwa na MB 5 kila moja, ni GB 3.6. Ikijizima yenyewe kabla ya hapo, huenda kosa ni ile mipangilio ya kuokoa betri. Skrubu zitie tone la rangi ya kucha, maana mtikisiko wa kamba huzilegeza.

Kamba ya tiara nayo ipitishe vidoleni, na glavu mkono mmoja tu: ule mtupu ndio unaohisi nyuzi zilizokwanguliwa na mawe. Fundo peke yake laweza kula hadi nusu ya nguvu ya kamba.

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, kwa hiyo nenda mbali nao na uombe ruhusa. Tiara itulie dakika 10 angani bila mzigo, ndipo ufunge kamera mita 30 chini yake.