Sponji la godoro, upepo wa kusi na beseni la mshindi wa tatu

Nianze na sponji maana ndo linaniuma mpaka leo, na nikisema linaniuma naomba mnielewe hivohivo kama nilivyosema.

2024 nilivyoanza mazoezi na timu yetu ya resi za baiskeli hapa Mtwara (wanawake tupo watano, wanaume sijui kumi na ngapi, wanakuja wanapotea) baiskeli nilikuwa naijua tangu mtoto, ila ile ya kubebea madumu ya maji. Ya resi ni kitu kingine kabisa. Yangu nimeinunua mtumba Dar, laki tatu na ushee ukiweka na mzigo wa basi, siti nyembamba kama mwiko. Siku ya kwanza nimeenda Naliendele na kurudi nikashuka natembea kama bata. Nikamuuliza kaka mmoja wa timu, mkongwe, ana resi nyingi, akanambia aah dada yangu hiyo dawa yake ndogo, kata kipande cha sponji la godoro, funga juu ya siti, utasahau.

Basi nikakata pembeni ya godoro la bibi, upande wa ukutani asione. Nikazungushia kanga kuukuu, nikakaza na vipande vya tyubu, yaani kazi safi. Kilomita ya kwanza kama nimekaa kwenye sofa, nikawa namuombea yule kaka dua. Ya tatu sponji likaanza kuhama. Kila nikikanyaga linaenda kulia, nikikaa sawa linaenda kushoto, afu limeniinua juu pedali siifikii vizuri, kwa hiyo kiuno kinacheza kama niko ngomani. Kufika Mangamba manyunyu yakaanza. Sponji si ndo kazi yake kunyonya maji? Likanyonya. Sasa kila nikikanyaga, chwii, maji yanashuka mapajani mpaka kwenye soksi, na pale kijiweni wamekaa bodaboda kama nane, mmoja akanyanyuka kabisa akapiga kelele, "Dada, choo kipo hapo nyuma, hukuwahi?"

Nyumbani bibi kashaliona godoro. "Mke mwenzangu, panya wa nyumba hii wana mkasi siku hizi?" Sikuwa na la kujibu.

Aliyeniponya ni mzee fundi wa Magomeni ya hapahapa Mtwara, ambaye resi hajawahi kukimbia hata moja. Kanikalisha juu ya baiskeli nimeshika ukuta, akanambia weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, basi hapo ndo kimo chako. Pua ya siti nilikuwa nimeielekeza mbinguni, akailaza. Akachukua buku mbili. Kilichobaki akamalizia dada mmoja wa timu, muuza samaki, aliponikuta nalalamika: ile kaptula ya baiskeli, yenye pedi ya kukalia, haivaliwi na chupi ndani. Miezi miwili nilikuwa navaa na chupi! Mishono ndo ilikuwa inanichana. Na wanaume wote wa timu walikuwa wanajua, ila waliona haya kumwambia mwanamke, basi haya yao nikalipia mimi kwa ngozi yangu. Kina dada mnaoanza, mmeshasikia. Juu ya kaptula mi navaa taitsi ndefu na tisheti inayofunika, mtandio naubana mwembamba ndani ya helmeti, na hamna aliyekufa.

Tuje kwenye resi yenyewe. Njia ni mjini mpaka Mikindani na kurudi, mara mbili, kama kilomita 40 na kitu. Agosti, kusi linapuliza hasa. Ushauri niliopewa mwaka ule wa kwanza, na watu wasiopungua sita: kaza tangu mwanzo, toka mbele, usiangalie nyuma. Nikakaza. Mpaka Mikindani naona naruka, najisemea kumbe mi hatari hivi, nyuma nasikia pumzi zao tu. Nilidhani nawakimbiza, kumbe nawakinga upepo! Na kuruka kwenyewe kusi lilikuwa linanisukuma mgongoni. Tukageuza. Mamaaa. Ni kama mtu kakufungia mlango usoni. Nikazidi kukaza, nawabeba kama gari la harusi, na kile kimlima cha kutokea Mikindani ndo wakanipita wote mmoja mmoja, wa mwisho kanipa pole. Nilimaliza wa kumi na moja, tulikuwa kumi na mbili. Wa kumi na mbili alikatika cheni.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba hii resi kwa sehemu kubwa ni upepo. Aliyejificha nyuma ya mwenzie anaokoa karibu theluthi ya nguvu. Aprili 2025 nikaona klipu ya Kim Le Court wa Mauritius, Mwafrika mwenzetu, ameshinda resi ya wanawake ya Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji. Wamefika wanawake wanne pamoja, akawamalizia mwishoni kabisa. Nimeirudia hiyo klipu mpaka bando likakata. Nikajisemea huyu kumbe miguu kaitunza!

Ila kujificha nako kuna akili yake kwa huku kwetu. Ukirudi kutoka Mikindani kusi halikupigi usoni moja kwa moja, linatoka mbele kwa kulia, kwa hiyo kivuli cha upepo kiko nyuma ya mwenzio kidogo kushoto. Na kushoto ndo ukingo wa lami, baada ya hapo mchanga. Nafasi ipo ya mtu mmoja, wawili mkibanana sana. Ukichelewa kuidaka umeliwa. Mi 2025 nilikuwa nawahi nafasi kabla hatujageuza, wenzangu wako bize kunywa maji. Afu usikodolee tairi la mbele yako, angalia kiuno, kiuno kikicheza ujue anataka kusimama au kachoka. Na tairi lako lisiingie pembeni ya lake hata kidogo, akiyumba tu wewe ndo unaokota meno.

Mzunguko wa pili nilikuwa nyuma ya binti mmoja mgeni, ana miguu ya chuma, anakaza tangu mwanzo, nahisi na yeye alishauriwa na walewale. Nikamuonea huruma kidogo. Siyo sana. Zilipobaki kama mita mia tatu nikatoka, nikasimama kwenye pedali, wawili sikuwapata ila yeye nilimpita.

Wa tatu! Zawadi ikawa elfu thelathini, kitenge na beseni. Wa tatu wanaume kapewa laki na nusu, kisa wao wamezunguka mara tatu. Si mtupe mitatu na sisi basi, nani kakataa? Kitenge na beseni kachukua bibi, fidia ya godoro anasema, saivi beseni linaoshea ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku.

Na yule kaka wa sponji juzi kanikuta mazoezini, kaangalia siti yangu, kachekaaa, ananambia si unaona dada yangu, nilikwambia utazoea.