Kabla ya kuhesabu askari, tazama mfalme yuko wapi

Katika mashindano ya chess (sataranji) ya wikiendi hapa Arusha na kule Moshi, hatima za ngome, yaani mwisho wa mchezo zinapobaki ngome, askari na wafalme, ndizo zinazopoteza pointi nyingi bure. Mchezaji anaona askari wake anashambuliwa, anarudisha ngome kumlinda, na kuanzia hapo hana tena mchezo. Dawa ninayoiamini kuliko zote ni mchezo wa Capablanca, bingwa wa dunia wakati huo, dhidi ya Tartakower, New York 1924.

Panga kete hivi (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Mweupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4, g5. Mweusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5, f5. Ni zamu ya Mweupe, hatua ya 35. Kila upande una askari 5, na c3 yuko hatarini.

Uamuzi mkubwa ulishafanyika hatua moja nyuma. Capablanca alimla farasi aliyekuwa f5 kwa askofu wake, na Mweusi akarudishia kwa askari wa g6. Safu ya g ikabaki wazi, na askari wa g5 hana tena wa kumzuia njiani. Mabadilishano ya kete hupimwa hivyo: nani anabaki na askari huru (asiye na askari wa adui wa kumzuia), na ngome ya nani iko kwenye kazi.

Sasa, ukirudisha ngome h3, haimlindi c3 kwa sababu mfalme wako wa f3 anaikinga njia, na mfalme mweusi aliyebanwa kwenye mstari wa 8 anapumua, anatoka g7. Capablanca alicheza mfalme g3! Ngome nyeusi ikala c3 kwa cheki (ikimshambulia mfalme), mfalme akaenda h4, ngome nyeusi ikaja f3, askari akasogea g6, ngome ikala f4 kwa cheki tena, mfalme akapanda g5. Hesabu sasa ni askari 3 kwa 5, na Mweupe ndiye anayeshinda.

Ngome nyeusi ikaenda e4, na hapa pana hatua ninayoipenda kuliko zote: mfalme f6, bila kumla askari wa f5. Wengi wetu tungemla papo hapo. Lakini askari huyo mweusi anamkinga mfalme mweupe dhidi ya cheki za safu ya f, na tishio la ngome h8 mati (mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha) linabaki palepale. Mfalme mweusi akaenda g8, ngome nyeupe ikatoa cheki g7, mfalme akaingia h8, ngome ikala c7, na ngome nyeusi ikarudi e8 kujilinda. Hapo tu, hatua ya 42, ndipo mfalme alipomla f5.

Angalia pia hatua ya 45, askari g7 kwa cheki. Ngome nyeusi ikimla, ngome zinabadilishwa, mfalme mweupe anakula d5, na Mweusi anapoteza hatima ya askari watupu kwa sababu mfalme wake yuko mbali, g7. Tartakower alikwepa hilo, lakini akakubali kushindwa hatua ya 52.

Kwa mazoezi, wekeni hatua ya 35 kwenye ubao, dakika 15 kila mmoja, mbadilishane rangi. Anayecheza Mweusi ajaribu ngome c1 kwenye hatua ya 36 badala ya f3. Mweupe asisukume g6 haraka. Apandishe kwanza mfalme h5, ili uwanja wa g6 ubaki njia ya mfalme pia.