Nilivyosafisha maji ya rangi kwa jua la Dodoma (baada ya kujidanganya wiki mbili nzima)

Nianze na lililonikera. Kila niliyemuuliza kuhusu projekti yangu, ya kusafisha maji ya rangi kwa unga na mwanga, aliniambia bila taa ya zenoni hamna kitu utafanya, na taa yenyewe ukiulizia bei unaweza kupata bodaboda na chenji ikabaki. Sasa mtu uko Dodoma, saa nne asubuhi tu unagombania kivuli cha nguzo na mbuzi, halafu ukanunue taa ya kuigiza jua??

Unga wenyewe unaitwa MOF (kifupi cha metal-organic framework), ni metali imeunganishwa na vijiti vya kemikali za kaboni mpaka inakuwa kama kichanja chenye vitundu vingi ajabu. Mwaka 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Nobel ya kemia kwa haya mambo, siku hiyo niliwapigia washikaji simu utadhani nimetajwa mimi. Mi nilichagua MIL-100 ya chuma, asili yake Ufaransa, Institut Lavoisier kule Versailles. Chuma ni bei chee, halafu kinakula hata mwanga unaoonekana, wakati titani dayoksaidi, unga mwingine wa kazi hii wanaousifia wote, inataka UV (mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho), na UV kwenye jua ni kama asilimia 5 tu.

Wakasema tena kuutengeneza lazima otoklevu, lile chungu la presha la maabara. Hamna! Unayeyusha asidi ya trimesiki (ndiyo vile vijiti vya kaboni) kwenye maji ya kostiki, chumvi ya chuma (ile ya chuma 2, sio 3, hapo usikosee) pembeni, unamimina, unaacha ikorogeke mpaka kesho bila kuchemsha. Inaanza kijani cha matope, asubuhi unaikuta imekuwa rangi ya udongo wa huku kwetu. Kuosha na kukausha mnajua wenyewe. Asidi ndiyo ilinipasua, laki na ushee ukijumlisha na mzigo kupanda basi toka Dar.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza nikachukua kopo la jamu la kioo, nikaweka maji yenye methilini bluu (rangi ya bluu ya majaribio), nikatupia unga kijiko kizima, nikapeleka juani uani kwa mama mwenye nyumba. Nusu saa maji meupe peee! Nikaruka, nikapiga picha, nikamtumia supavaiza. Dokta akajibu neno moja: "Gizani?" Nikanuna, nikaona huyu mzee ananionea wivu, nikaendelea kuchora grafu zangu nzuri wiki mbili. Siku moja kwa hasira, nimuonyeshe, nikafunga kopo lingine kwa foili nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Nusu saa nalitoa. Jeupe vilevile. Dah. Kumbe jua halikuwa limefanya lolote, ule unga ulikuwa unanyonya rangi kama dodoki tu! Nikaumwagia spiriti ya duka la dawa, bluu yote ikarudi, nikatembea na vidole vya bluu siku tatu na mama mwenye nyumba ananiuliza, "We baba, uchaguzi si ulishapita?"

Basi nikabadilisha. Unga kiduchu, rangi nzito, kwanza gizani saa zima mpaka unga ushibe usinyonye tena, ndio unatoa juani. Na unaongeza haidrojeni peroksaidi, hii hii ya kusafishia vidonda, mwanga unakiamsha chuma kinaipasua peroksaidi vinatoka vitu vikorofi vinaitwa radikali za haidroksili, hivyo ndivyo vinavyotafuna rangi. Makopo matatu kwa wakati mmoja, maana wingu likipita liwapitie wote: la kwanza kila kitu, la pili kila kitu ila lina foili, la tatu halina unga, kwa sababu methilini bluu yenyewe hupauka juani. Na funika na nailoni, upepo wa Julai utakuletea vumbi la Kizota yote humo ndani.

Spektrofotomita, mashine ya kupima rangi iliyobaki majini, ilikuwa na foleni ya wiki, nikatumia simu. Boksi la viatu, karatasi nyeupe nyuma, tochi, unapiga picha unasoma namba za RGB, yaani nyekundu (R), kijani (G) na bluu (B) ya picha. Usiangalie bluu! Nilipoteza siku mbili naangalia bluu haisogei. Hiyo rangi inameza mwanga mwekundu, kwenye nanomita 664 hivi, kwa hiyo ni ile R ndiyo inapanda maji yakisafika. Nilivyokuja kupata zamu ya mashine, mstari wa simu na wa mashine ikafuatana vizuri tu. Na safari hii unga nikauosha spiriti, haukutoa bluu.

Kuna jirani yangu anatengeneza batiki, maji yake anamwaga mtaroni, nikamwomba ndoo. "Chukua mwanangu, ukimaliza unirudishie ndoo." Nikatupia unga, ukaoza pale pale ukawa matope ya kutu, nikakumbuka batiki zinapikwa na kostiki na MOF yangu haivumilii kostiki kali. Nikazimua na siki, chupa mbili za siki za dukani!, ndio ikaanza kupauka, polepole mno, jioni maji yalikuwa kama chai ya rangi. Nikamwonyesha. Akaangalia kopo, akaniangalia, akasema, "Na ndoo iko wapi?"